Tangazo la Msiba Wangu Halibanduki

Kitendawili. Jumanne nilikufa, Ijumaa nikaolewa, na Jumatano, hapo katikati, nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Mimi nani?

Fikiri kwanza. Usikimbilie chini kutafuta jibu.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Paris, maana huko ndiko yalikotoka masaibu yangu yote. Nikishaupata nitaufunga na funguo nitazitupa baharini.

Jibu ni bibi wa kwenye filamu.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa samaki, namkumbusha. Jina langu Soazig Quéméneur, umri miaka sabini na tatu, mjane wa Yann. Miaka thelathini na minane nimekata vichwa vya dagaa kiwandani. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne, kwa hiyo mkiona sentensi imekaa upande, mlaumuni mhariri.

Walikuja mjini kwetu watu wa filamu. Filamu yenyewe ni moja, lakini ina waongozaji watano, na kila mmoja ana kisa chake. Kimoja cha kuchekesha, kinachofuata cha kuliza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kinachoviunganisha visa vyote ni bibi mmoja wa mjini, anayepita katika kila kisa kwa jina lake halisi. Wakanichagua mimi, eti kwa sababu niliwagombeza vizuri waliporuka foleni ya mkate.

Wiki jana niliwaeleza jinsi nilivyokufa kitandani mwangu mara kumi na saba, mpaka Bwana Fauvel, mwongozaji wa kile kisa cha kuliza, aliporidhika na kifo changu.

Nikadhani nimemaliza kufa.

Jumatano asubuhi nikaenda dukani kwa Bi Kerdoncuff kununua mkate. Kwetu mtu akifa, habari hubandikwa kwenye kioo cha duka la mkate, kwa sababu mkate kila mtu hununua. Nikainua macho, nikajiona.

“Soazig Quéméneur, mjane wa Yann, amefariki Jumanne. Maziko Ijumaa saa nane na nusu mchana kanisani. Maua yanapokelewa.”

Kona zote nne zimebandikwa kwa utepe wa buluu.

“Bi Kerdoncuff,” nikasema, “lile tangazo.”

“Limekaa vizuri, eh? La Mzee Tanguy lilipinda wiki nzima.”

“Ni langu.”

“Najua ni lako. Kusoma najua.”

“Mimi sijafa.”

“Nakuona. Mkate mmoja au miwili?”

“Mmoja. Kama ni la filamu, na filamu imekwisha kupigwa hapa, libandue.”

Bi Kerdoncuff akafuta unga mikononi, polepole, kama mtu anayejiandaa kufundisha mtoto mzito.

“Soazig, duka hili lilikuwa la mama mkwe wangu, na kabla yake la mama mkwe wake. Tangazo la msiba haliondoki kwenye kioo mpaka mtu azikwe. Nikilibandua mapema, mji mzima utaniuliza maiti kaenda wapi.”

“Maiti ni mimi. Niko hapa nanunua mkate.”

“Ndiyo nakwambia. Zikwa kwanza. Jioni hiyo hiyo nitalibandua.”

Nyuma yangu kwenye foleni mzee mmoja akavua kofia kwa heshima. Halafu akanigusa bega.

“Mama, Mungu akupumzishe, lakini sogea kidogo, tuna haraka.”

Nikaenda kwa watu wa filamu wenyewe. Siku hiyo kilikuwa kimeingia kikosi cha pili, cha Bi Bérengère Lacaze, mwongozaji wa kisa cha kuchekesha. Msimamizi wao wa vifaa ni mama mwenye mvi, anaitwa Odile, amejaa tepe za manjano mpaka kwenye vifundo vya mikono.

“Odile mwanangu, kuna tangazo dukani. Nenda ukalibandue.”

“Utepe wake rangi gani?”

“Buluu.”

Akarudi nyuma hatua moja.

“Hilo ni la Fauvel. Sisi manjano. Manjano haigusi buluu, Bibi. Vikosi vitano, rangi tano, hakuna anayegusa cha mwenzake. Kijani walisogeza kiti cha wekundu, kiti kimoja tu, mpaka leo hawasalimiani.”

“Sasa alibandue nani?”

“Buluu.”

“Buluu yuko wapi?”

“Paris. Anarudi kesho usiku.”

Nikampigia simu Bwana Fauvel. Huyu ni mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama yuko kanisani hata akiagiza kahawa.

“Bibi Soazig, tafadhali usiliguse. Lina ukweli.”

“Lina uongo, Bwana Fauvel. Linasema nimekufa.”

“Kuna ukweli ulio juu ya ukweli.”

“Huo ulio juu ushushe kidogo, maana majirani wameanza kuniangalia vibaya.”

Akasema simu inakatika. Ikakatika.

Basi ndivyo ilivyokuwa, wasomaji wangu. Watu wa mji hawaligusi kwa sababu sijazikwa, na watu wa filamu hawaligusi kwa sababu ya rangi. Na mimi mwenyewe, mnajua tena, nani anayejibandulia tangazo lake la msiba akaonekana ana akili timamu?

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Mzee Hervé, aliyekuwa akipakia makopo kiwandani enzi zetu.

“Nani mwenzangu?”

“Soazig.”

“Pole sana Soazig. Nimesikia Soazig kafariki.”

“Ndiyo mimi, Hervé. Sijafa.”

Nikasikia saa ya ukutani kwake ikigonga.

“Kwa hiyo kesho kahawa baada ya maziko ipo au haipo?”

“Haipo.”

“Na keki?”

Nikakata.

Haikupita nusu saa, ikalia tena. Bi Kerdoncuff.

“Soazig, nisisahau. Nimeshampigia dada yako.”

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni.

Hapa lazima niseme kidogo, maana ndipo palipo na kidonda. Dada yangu Jeannick ni mkubwa wangu kwa miaka minne, anakaa Lorient. Tangu tulipomzika mama, miaka ishirini na sita sasa, hajanitamkia neno. Nikimpigia anainua simu, anapumua, anakata. Kila Krismasi namwandikia kadi yenye swali moja tu: Jeannick, nilikukosea nini? Kadi ishirini na sita. Jibu, hakuna.

Sisi wawili ndio tuliobaki katika uzao wa mama. Nilichokuwa nikiomba ni kusikia jibu hilo kabla mmoja wetu hajafukiwa.

“Umempigia wewe?” nikauliza. “Alisemaje?”

“Aliuliza: saa ngapi.”

“Basi?”

“Nikamwambia saa nane na nusu. Akasema: nitakuja.”

Saa ngapi. Nitakuja. Hesabu mwenyewe, ni maneno matatu. Miaka ishirini na sita nikiwa hai sikupata hata moja. Nimekufa siku mbili tu, nimepata matatu.

“Nimtafute nimwambie hujafa?” akauliza Bi Kerdoncuff. “Maana nauli ya watu.”

“Nitampigia mwenyewe,” nikasema.

Nikashika simu. Nikabonyeza namba zote. Ikaita mara moja, mara mbili, akainua. Nikasikia pumzi yake. Ningeweza kusema, Jeannick, ni mimi, niko mzima, usihangaike na basi.

Safari hii nikakata mimi.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijamwambia hata padri, nawaambia nyinyi kwanza. Nikafungua sanduku la vifaa vya kikosi cha Fauvel lililoachwa ukumbini mwangu, nikaiba utepe wa buluu, nikaenda nao dukani.

“Bi Kerdoncuff, lile tangazo.”

“Nimeshakwambia silibandui.”

“Usilibandue. Kona moja imelegea, nimekuletea utepe.”

Akanitazama. Akautazama utepe. Akavuta ngazi yake ndogo, akapanda, akabandika bila kuniuliza kitu. Ndiyo maana nampenda mama yule.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ijumaa saa nane na nusu, Bi Lacaze alikuwa apige picha ya harusi ya bibi kwenye ngazi za kanisa. Bibi ni mimi, bwana harusi ni Goulven Riou, muuza nyama mstaafu, bwana mwenye haya ambaye hata nyama alikuwa akiuza ameangalia mizani. Jeannick atafika na nguo zake nyeusi, atanikuta nashuka ngazi na gauni jeupe, mzima wa afya. Atashtuka. Atanitukana. Matusi nayo ni maneno, ningeyapokea yote.

Wanadamu tunapanga.

Ijumaa asubuhi fundi wa mavazi wa manjano alinivalisha gauni la harusi. Vifungo vikagoma kufika kwenye matundu. Akatoa sindano, akanishona ndani ya gauni kama anavyoshonwa mto.

“Usinywe maji mengi, Bibi,” akaniambia. “Hutoki humu mpaka jioni.”

Hakuwa hata ameuma uzi, Bwana Fauvel akaingia na kikosi chake cha buluu, uso umesawijika.

“Bibi Soazig, nimeangalia kifo chako Paris. Ukope wa kushoto ulicheza.”

“Ni uzee.”

“Maiti haina uzee. Lazima ufe tena.”

Bi Lacaze akatokea jikoni kwangu na kikombe changu mkononi. Huyu sauti yake inafika gatini.

“Aurélien,” akamwita Bwana Fauvel kwa jina lake la kwanza, “leo bibi ni wangu.”

“Mpaka saa sita ni wangu. Imeandikwa.”

“Amevaa gauni langu.”

“Nitamfunika shuka mpaka kidevuni. Gauni lako sitaligusa hata kwa jicho.”

“Ukimkunja nakushtaki.”

“Nimkunje vipi, namlaza tu.”

Wakaendelea hivyo juu ya kichwa changu kama wanawali wanaogombania kitambaa. Pembeni, Goulven kwenye suti yake ya harusi alikuwa akizungusha kofia mikononi.

“Bi Soazig,” akaninong’oneza, “sasa ninakuoa kabla hujafa au baada?”

“Baada, Goulven. Vumilia.”

Nikalazwa. Shuka mpaka kidevuni. Poda usoni nene kama plasta ya ukuta. Rozari wakaizungusha kwenye vidole, na kwa kuwa Jumanne mikono iliteleza, wakaifunga pamoja kwa uzi mweupe. Mezani mshumaa, kisahani cha maji ya baraka, na kijitawi kibichi cha kunyunyizia. Mlango wa mbele wakauacha wazi, kama inavyofanywa nyumba yenye maiti, ili mwanga uingie kwa namna anayoitaka Bwana Fauvel.

“Tayari,” akasema. “Kimya. Bibi, kufa. Kamera.”

Kengele ya kanisa ikagonga saa sita.

Nchi yetu imeshafukuza wafalme, imeshabadili katiba sijui mara ngapi, lakini saa sita, saa ya chakula cha mchana, haijapata mtu wa kuigusa. Mwenye kamera akaiacha pale pale. Mwenye taa akaizima. Nikasikia miguu yote ikielekea mlangoni, na mtu akisema leo kuna nyama ya ndama kwa mchuzi mweupe.

“Bwana Fauvel,” nikasema bila kusogeza midomo, “na mimi?”

“Usiinuke, Bibi, poda itapasuka. Ni saa moja tu. Tutakuletea.”

Nyumba ikanyamaza.

Basi tega sikio. Bibi mmoja, kashonwa ndani ya gauni la harusi, kafungwa mikono, kafunikwa shuka la maziko, peke yake, ana njaa. Kitendawili kama hicho hata mimi sijawahi kukitega.

Nikasikia viatu ukumbini. Nikajua ni chakula changu. Nikaanza kumeza mate.

Viatu vikasimama kwenye mlango wa chumba. Hakuna sahani, hakuna harufu ya ndama. Pumzi tu. Na pumzi ile naijua. Nimeisikiliza kwenye simu miaka ishirini na sita.

Jeannick amekuja na basi la mapema, ili akae na maiti kabla ya kanisa, kama tulivyofunzwa.

Nikafumba macho kwa nguvu, halafu nikakumbuka maiti hafumbi kwa nguvu, nikalegeza.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Nikifumbua macho, atageuka, atapanda basi, atanyamaza miaka mingine ishirini na sita, na miaka hiyo mimi na yeye hatunayo. Nikiyafumba, pengine atasema, lakini nitakuwa nimemwibia dada yangu maneno yake mdomoni.

Niliyafumba. Nihukumuni mnavyotaka.

Akachukua kijitawi, akanirushia maji ya baraka. Tone moja likaingia puani. Wasomaji wangu, kuna mateso ambayo kiwanda cha dagaa hakikunifundisha.

Kiti kikalia. Amekaa.

“Umenenepa,” akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza la dada yangu kwangu tangu mama azikwe. Moyo wangu ukaruka, nikauombea usionekane kwenye shuka.

“Na poda gani hii. Kama umeangukia kwenye pipa la unga. Nani kakupamba hivi, kama vile huna hata jamaa.”

Akaninyanyua kichwa, akaupiga mto makofi mawili, akanilaza tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Halafu shuka likavutwa kidogo pembeni.

“Gauni la harusi,” akasema. “Kweli, Soazig. Hata leo.”

Ukumbini mtu akakohoa. Nikamjua, na damu ikanikauka. Goulven. Alikuwa hajaenda kula, ameona haya kukaa meza moja na watu wa Paris.

“Aa,” akasema. “Samahani. Pole sana, mama.”

“Nawe ni nani?” akauliza Jeannick.

“Mimi? Mimi ni bwana harusi.”

“Wa nani?”

Goulven hajui kudanganya. Akafikiri.

“Wa marehemu.”

“Mlikuwa muoane lini?”

“Leo. Saa nane na nusu.”

“Saa nane na nusu ni maziko.”

“Ndiyo, limetokea hilo. Lakini wamesema maziko ni ya buluu, sisi ni manjano, hatutagongana.”

Nilikuwa nangoja Goulven aseme, mbona mwenyewe ni mzima. Nilimwomba moyoni, Goulven, kama ulinipenda hata kwa mizani, nyamaza.

“Naona niende nikale,” akasema, na viatu vyake vikaondoka, haraka kuliko umri wake.

Jeannick akashusha pumzi ndefu.

“Mtu kafiwa na mchumba siku ya harusi, kachanganyikiwa maskini,” akasema. “Na wewe hukuniambia kama una mchumba. Ungeniambia vipi, simu nakukatia.”

Mkoba wake ukafunguka. Kitu kikawekwa juu ya kifua changu, chepesi, kama karatasi nyingi zilizofungwa kwa kamba.

“Kadi zako. Zote nilizipata. Kila mwaka naiweka mezani, nachukua kalamu, nafika kwenye jina lako, naiweka kalamu chini. Mwaka jana nilifika mpaka neno la pili.”

Ubao wa dirisha ukapigwa na upepo. Hakunyanyuka kuufunga.

“Unauliza ulinikosea nini. Wewe na maswali yako, tangu mdogo, vitendawili kutwa, mama anacheka mpaka anashika ubavu. Mimi nilikuwa naosha vyombo, Soazig. Nilikuwa nasikia kicheko chenu kutoka jikoni.”

Machozi yakaanza kunijia chini ya kope. Nikajua yakitoka yatachora mfereji kwenye poda, na kila kitu kitakwisha. Nikayashikilia kama mtu aliyeshikilia mlango wakati wa dhoruba.

“Sasa nitakujibu, maana huwezi tena kuniangalia. Hukunikosea kitu. Hata siku moja.”

Akavuta kiti karibu. Magoti yake yakagusa kitanda.

“Mama hakufa ghafla kama nilivyowaambia watu. Alikaa siku tatu anajua anakwenda. Siku tatu anakuita. Soazig yuko wapi, Soazig anakuja lini. Nikamwambia nimeshakupigia, uko njiani, barabara mbaya. Akawa anageuza kichwa mlangoni kila gari likipita. Nilitaka nikae naye mimi peke yangu, siku tatu tu katika maisha yangu yote, halafu nikuite. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Ukaja ameshafungwa kidevu, ukaniangukia shingoni, ukaniambia asante dada kwa kumtunza mama. Ndiyo sababu sina sauti mbele yako. Sikukupigia, Soazig. Simu ilikuwa hapo ukutani, mkono mmoja kutoka kitandani kwake, na sikukupigia.”